Kiti cha Maalim Jecha

Khairat alimpenda Ridha kwa sauti kabla hajamuona kwa macho. Siku hiyo alifuatana na shangazi yake kupeleka mavazi waliyokishonea kikundi cha maigizo cha Tibirinzi, na wakiwa bado mlangoni mwa ukumbi akasikia mtu nyuma ya pazia akisema, "Bwana mkubwa, maadui wamefika langoni." Maneno yenyewe hayo tu, lakini mwili ulimsisimka. Alipochungulia akamuona kijana mrefu, amevaa kofia ya bati na kushika ngao ya mbao, amesimama nyuma ya kiti cha mfalme.

"Mwenye sauti hii," akamnong'oneza shangazi yake, "vipi wanamfanya mlinzi?"

Shangazi akacheka. Ndoa ilifungwa mwaka uleule, na miaka ikapita, na Ridha akabaki mlinzi.

Mchana aliuza misumari, rangi na mabati katika duka la vifaa vya ujenzi la mjomba wake, mjini Chake. Alasiri ikishapita alikwenda ukumbini, na huko ndiko Khairat alikomuona mume aliyemjua yeye, mgongo umenyooka, uso umejaa habari. Mungu alikuwa hajawajaalia mtoto. Kila harusi aliyokwenda Khairat aliulizwa vipi, bado, na kila akirudi nyumbani alizidi kutamani liwepo jambo jingine watu walitaje wakilitaja jina la mumewe.

Mwenye kiti cha mfalme alikuwa Maalim Jecha. Huyu alikuwa mwalimu wa skuli aliyekwisha kustaafu, mtu wa kanzu safi na maneno mazuri, na igizo lenyewe alilitunga yeye ujanani. Lilikuwa kisa cha waziri aliyeambiwa na vizee watatu kisimani kwamba iko siku atatawala. Waziri akashindwa kuingoja hiyo siku. Akamuua bwana wake usingizini, akakaa kitini, na kutoka hapo kila aliyempenda akamwacha, mmoja baada ya mmoja, mpaka akabaki ndani ya jumba kubwa yeye na mlinzi mmoja. Hapo husimama akatoa maneno ya mwisho kabla ya kuuawa. Watu wa Chake waliliona igizo hilo Idi nyingi na hawakulichoka. Wako waliokuwa wakilia hata kabla Maalim hajafungua mdomo.

Ridha alikuwa zaidi ya mchezaji wake. Baba yake Ridha, Bakari, mvuvi wa kisiwa cha Fundo, alichukuliwa na bahari mtoto akiwa bado hajui kusoma vizuri. Maalim Jecha alikuwa akisomesha huko wakati ule. Alipohamishiwa Chake, alimuomba mama yake Ridha ruhusa akaja naye, akamlea pamoja na binti yake Yumna. Wakala sahani moja, wakasomea taa moja. Hata mahari ya Khairat ilipelekwa na Maalim mwenyewe, amevaa joho lake la Idi, anatabasamu kama anayemuoza mwanawe wa kumzaa.

Kwa hiyo lililotokea baadaye halikutokana na chuki. Khairat alilirudia jambo hili moyoni mara nyingi. Hapakuwa na chuki hata chembe.

Lilianza kwa bibi. Walikwenda kumtembelea bibi yake Ridha, Bi Mwatima, huko Kisiwa Panza, na bibi akampapasa mjukuu uso kwa viganja vyake vikavu, maana macho yalikuwa yameshapungua nuru.

"Weye njukuu wangu," akasema, "utakaa pale anapokaa Jecha. Nimekuona nkiwa usingizini. Umekaa, watu wote wanakutizama."

Ridha alicheka, akambusu mkono. Lakini njiani wakirudi, walipofika Mkoani, akamuuliza mkewe, kama mtu anayeuliza habari ya mvua, "Unadhani bibi anaona kweli?"

"Mie naona," alisema Khairat, "na wala sijalala."

Miezi michache baadaye Khairat akagundua jambo. Alikuwa akimpima Maalim mabega kwa ajili ya kanzu mpya, na Maalim akamwambia kwa upole, "Usikaze sana, Ummkulthum." Ummkulthum alikuwa mkewe Maalim, naye alikuwa amekwisha kufariki zamani. Khairat akaendelea kupima. Alipofika nyumbani akamhadithia Ridha, akitaraji atashangaa. Ridha hakushangaa.

"Muda sasa," akasema. "Jukwaani anasahau. Yale maneno ya mwisho hayamji. Mimi nasimama nyuma yake, naweka ngao mdomoni, namwambia neno la kwanza, anaendelea."

"Nani anajua?"

"Hakuna. Hata na yeye hatujawahi kulizungumza. Namwambia, anasema, basi."

Khairat aliweka chini sahani aliyokuwa akiifuta. Alimtazama mume wake, aliyekuwa akimsemea mwingine maneno kwa siri ili makofi yaende kwa huyo mwingine, na ndani yake kikapanda kitu ambacho siku hiyo alikiita mapenzi. Yawezekana kweli yalikuwa mapenzi.

Zikaja habari kwamba wageni wa tamasha la maigizo watavuka kutoka Unguja kuja kuangalia vikundi vya Pemba. Kikundi kitakachowapendeza kitaalikwa mjini Unguja, kicheze mbele ya watu wa nchi mbalimbali. Tibirinzi nzima ikachangamka. Khairat alishona mpaka vidole vikavimba, na kila alipotia uzi sindanoni alikuwa akifikiri neno lilelile la bibi.

Asubuhi ya siku yenyewe alimpa Ridha chai, akakaa karibu naye juu ya jamvi.

"Leo usimwambie," akasema.

Ridha hakujifanya hakuelewa. "Khairat, yule ni baba yangu."

"Ndiyo. Na baba anaumwa, na wewe unamficha. Unadhani unamsaidia? Akipanda meli mpaka Unguja akaja kukwama huko mbele ya wageni, itakuwaje? Akikwama hapa, yuko kwao, watu wanampenda, watasema mzee amechoka, apumzike. Na wewe maneno yote unayajua." Akamshika mkono. "Hutamfanya kitu. Utanyamaza tu."

"Kunyamaza nako ni kufanya kitu."

"Bibi yako alikuona umekaa, Ridha. Hakukuona umesimama nyuma."

Ridha akanywa chai yake mpaka ikaisha. Alipotoka alisahau kofia yake ya kiua, na Khairat akamkimbilia nayo barabarani, akamvalisha mwenyewe, akamuona ametoka jasho na jua bado halijapanda.

Alasiri ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Wageni watatu walikaa mbele. Khairat alisimama pembeni, upande wa wanawake, karibu na Yumna, aliyekuwa akimshika mkono kila baba yake alipoingia, kama alivyozoea tangu utotoni. Maalim alicheza vizuri siku ile, vizuri kuliko kawaida. Alimuua bwana wake, na mwanamke mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Laana iwe juu yako!" na watu wakacheka kwa furaha.

Kisha pakafika mwisho. Jumba tupu, mfalme kitini, mlinzi nyuma. Maalim akainuka. Akafungua mdomo. Akangoja.

Khairat alimtazama mumewe. Ngao ilikuwa pale pale mdomoni, na juu yake macho mawili yaliyofumbuka sana. Maalim alisogeza kichwa kidogo upande wa nyuma, taratibu, kama mtu anayesikiliza mlango ukigongwa. Hakuna kilichokuja. Akasogeza tena. Ukumbi mwanzoni ulidhani ndiyo uigizaji, ukatulia. Kisha mtoto mmoja akacheka, na wakubwa wawili watatu wakamfuata kwa kutojua la kufanya. Maalim Jecha akageuka kabisa, akawapa watu mgongo, akamtazama Ridha usoni.

"Mwanangu," akasema, na hayo hayakuwa maneno ya igizo, "hapa tunasemaje?"

Ridha hakujibu.

Aliyefunga pazia ni Nyange, katibu wa kikundi. Yumna alikuwa ameshauachia mkono wa Khairat na kupita katikati ya watu, akamkuta baba yake amekaa tena kitini, amepakata mikono, anatabasamu kwa aibu kama mgeni aliyeingia nyumba isiyo yake.

Wageni walisema igizo wamelipenda na kikundi wanakialika, ila mzee, kwa heshima zote, apumzike. Nyange akauliza nani anaijua nafasi ile. Wote wakamtazama Ridha. Basi ikawa hivyo, bila ugomvi, kama Khairat alivyosema itakuwa. Lakini usiku ule na siku zilizofuata hakuona furaha aliyoitazamia. Ridha alikwenda mazoezini akarudi. Chakula alikila nusu. Kila alipofika kwenye maneno ya mwisho alitaka wengine watoke nje, abaki peke yake, na Nyange akadhani ni maringo ya mchezaji mkubwa.

Nyumbani kwa Maalim hakwenda. Alisema ana kazi nyingi, na Khairat hakumhimiza. Walisikia tu kwamba mzee amerudi nyuma haraka, kwamba hatoki tena, kwamba anaulizia watu waliokwisha kufa.

Siku ya safari Yumna alikuja na kifurushi. Ridha alikuwa ametangulia Mkoani na wenzake kupakia vitu, na Khairat alikuwa akifunga mlango. Yumna hakutaka kukaa. Alifungua kitambaa, ndani yake mlikuwa na joho jeusi la Maalim, lile la Idi, limepigwa pasi.

"Hili la Ridha," akasema. "Achezee. Baba alishanambia zamani nimpe."

"Zamani lini?" aliuliza Khairat.

"Kabla wageni hawajaja. Baba alijua kama anasahau, Khairat. Alinambia, 'Ridha ndiye anayenibeba pale juu, wala hajanitajia hata siku moja, kwa adabu yake.' Alitaka igizo likiisha siku ile, amshike mkono mbele ya wageni, amvishe joho, amkalishe kitini, aseme huyu ndiye. Akafanya mazoezi ya kulisema hilo mbele ya kioo, masikini, asije akasahau jina." Yumna akajifuta macho kwa ncha ya buibui. "Sijui siku ile ilikuwaje. Pengine na Ridha alishtuka. Mwambie baba hana kinyongo. Hana hata kumbukumbu ya kuwekea kinyongo."

Akaondoka. Khairat alikaa kizingitini na joho mapajani mpaka gari lililokuja kumchukua likapiga honi.

Melini alilificha chini ya nguo nyingine. Bahari ilikuwa shwari na Ridha alikaa mbali, peke yake, midomo ikisogea. Mara mbili Khairat aliinuka amfuate, mara mbili akarudi kukaa. Alijiambia atamwambia wakirudi. Akajiambia tena kwamba joho si lazima alione.

Lakini Unguja, katika chumba cha kuvalia, Ridha akalikuta mwenyewe alipokuwa akitafuta mshipi. Alilijua papo hapo. Alilinusa.

"Hili limefikaje?"

Khairat angeweza kudanganya. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Alimtazama mumewe, amepakwa wanja wa kuigizia machoni, amekonda, na akaona kwamba kama atamficha hili ataishi maisha yake yote na mtu asiyemjua. Akamwambia. Alimwambia yote, kama Yumna alivyosema, mpaka habari ya kioo.

Ridha alisikiliza amesimama. Hakulia. Alipomaliza kusikiliza alilivaa joho, akalifunga vizuri kifuani, akasema, "Angenipa."

"Nisamehe," Khairat akasema. "Ni mimi niliyekwambia."

"Wewe uliniambia. Mdomo ni wangu."

Nje walikuwa wakiliita jina la kikundi.

Waliokuwepo wanasema hawajapata kuona mchezaji kama yule. Alipomuua bwana wake alimuua kwa machozi, akimfunika shuka mpaka shingoni kana kwamba anaogopa atapata baridi. Wazungu walikaa mbele bila kupepesa. Nyange, pembeni, alikuwa akimshika Khairat bega na kurudia, "Tumeshinda, wallahi tumeshinda." Mlinzi sasa alikuwa Zubeir, kijana mgeni katika kikundi, amesimama nyuma ya kiti.

Ridha akainuka kwa maneno ya mwisho. Aliyajua kuliko jina lake. "Nimeupata mji," akaanza, "na mji..."

Akanyamaza. Khairat aliona shingo yake ikigeuka kidogo upande wa nyuma, taratibu. Zubeir alikuwa akitazama mbele kwa ukakamavu, kama alivyofundishwa. Ridha akasubiri. Kisha akavua taji, akaliweka juu ya kiti kwa uangalifu, akashuka ngazi za jukwaa, akapita katikati ya watu amevaa joho la Maalim, akatoka mlango wa mbele.

Baadhi ya watu walipiga makofi, wakidhani ndiyo mwisho. Wenye kuelewa Kiswahili hawakupiga. Gazeti moja la mtandaoni likaandika kwamba Wapemba wameacha igizo katikati, na picha ya kiti kitupu ikazunguka katika simu za watu kabla meli haijarudi Mkoani. Nyange hakuzungumza na Ridha safari nzima. Mwaliko mwingine haukuja. Kikundi kiligawanyika, mwisho kikafa, na sokoni Chake vijana wakapata jina jipya la kumwita Ridha akipita: Mfalme Katikati. Aliitika kwa heshima. Mjomba wake akamuhamishia ghalani nyuma ya duka, ambako wateja hawamuoni.

Siku waliporudi, kabla hajaingia kwake, Ridha alikwenda kwa Yumna. Khairat alimfuata nyuma. Pale mlangoni, bila kukaa, alimwambia ukweli: kwamba siku ile hakushtuka, kwamba alinyamaza kusudi kwa sababu alikitaka kiti.

Yumna alishika mlango. "Tumelala kitanda kimoja tukiwa watoto," akasema. "Ulipoumwa surua baba alikubeba mgongoni mpaka hospitali, mvua inanyesha." Akafunga mlango, polepole, bila kuubamiza, na huo upole ndio uliomuinamisha Ridha.

Nyumbani, Khairat alitaraji kuachwa. Alikwisha kukusanya nguo zake chache akaziweka karibu na cherehani. Ridha aliziona, akaziokota moja moja, akazirudisha kabatini.

"Tukiachana," akasema, "nani mwingine atajua uzito wa hili?"

Alikaa chini, akaweka kichwa mapajani mwa mkewe, na hapo ndipo alipolia. Khairat alimpapasa nywele. Hakumwambia nyamaza. Alifikiri kwamba alimpenda mtu huyu kwa ajili ya kile ambacho angekuja kuwa, na sasa hatakuwa tena, na bado kichwa hiki kilikuwa kizito na chenye joto na chake.

Mvua za vuli zilipokwisha, Yumna alikuja mwenyewe. Hakusalimia sana. Alikuwa akisomesha skuli ya msingi, na baba yake hakuwezekana tena kuachwa peke yake asubuhi. Alikuwa akitoka na kupotea, akifungulia maji, akiita watu. Mwanamke aliyemuweka alichoka.

"Sijawasamehe," akasema. "Lakini mtu wa kumuamini sina mwingine."

Kutoka siku hiyo Khairat alihamisha cherehani yake ukumbini kwa Maalim. Alishona huku akimsikiliza mzee akizungumza na Ummkulthum, na alipoitwa Ummkulthum aliitika. Kila adhuhuri Ridha alikuja kutoka ghalani, vumbi la saruji kichwani. Alinawa, akamuogesha mzee, akamkata kucha, akampaka mafuta miguuni, akamvisha kanzu na kumshika mkono mpaka msikitini. Hakuwahi kumuomba msamaha kwa maneno. Mara ya kwanza alijaribu, akapiga magoti, akasema "Maalim, mimi ni Ridha," na mzee akaogopa magoti yale, akajikunyata kitandani mpaka Khairat akaja kumtuliza. Hapo Ridha akaelewa kwamba mtu wa kumsamehe ameshaondoka, amebaki huyu, na huyu anahitaji kuogeshwa.

Yumna mwanzoni alikuwa akirudi kazini na kukaa jikoni mpaka Ridha aondoke. Kisha akawa anakaa ukumbini. Siku moja akamtilia Ridha chai bila kuulizwa, akaisukuma mbele yake bila kumtazama.

Ijumaa moja, baada ya sala, Ridha alikuwa uani anaanika shuka za mzee. Khairat na Yumna walikuwa wakipakua wali. Maalim Jecha alikaa mkekani karibu na dirisha, safi, ananukia udi, akimfuata kwa macho mtu yule mrefu aliyekuwa akikunjua shuka na kuzinyoosha pembe kwa pembe.

"Yule nani?" akauliza.

Khairat alimtazama Yumna kwanza. Yumna ndiye aliyejibu.

"Mtoto wa Bakari, baba. Wa Fundo."

"Aa," akasema Maalim. Aliwaza kidogo, kijiko mkononi. "Anakuja kila siku, na hanambii anataka nini." Kisha akasogea kando kwenye mkeka, akapiga kwa kiganja mahali palipobaki wazi ubavuni mwake. "Mwiteni. Chakula kisipoe."